Nalini Malani alikuwa na mwaka mmoja na nusu India ilipogawanywa. Kwa nini kila kazi yake inafungwa kwenye 1947?

Chaki Nyeusi
Wakuu, salaam.

Kwa asiyemjua, Nalini Malani ni mama wa Kihindi, mzaliwa wa Karachi, Februari 1946, maisha yake ya kazi ni Mumbai. Anachora kwa rangi, anapiga filamu, anatengeneza video, anachora kwa mkaa ukutani halafu anafuta mwenyewe, anachora nyuma ya plastiki angavu kisha anaiviringisha iwe kama pipa na kuizungusha mbele ya projekta, vivuli vinatembea kuta nzima. Mwaka 2023 Wajapani wamempa Tuzo ya Kyoto. Si mtu wa mchezo.

Hoja yangu. Fungua makala yoyote kumhusu, aya ya kwanza ni ile ile: mtoto wa Mgawanyiko, mkimbizi wa 1947, mwaka India ilipokatwa na Pakistani ikazaliwa, Karachi ikabaki Pakistani. Kwamba familia yake iliihama Karachi ikaangukia Calcutta, hilo halina ubishi. Lakini pigeni hesabu. Agosti 1947 alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Hata meno hayajatimia! Anakumbuka nini huyo? Nasema hiyo ni lebo ya watu wa makumbusho, kwa sababu inauzika Ulaya: mwanamke, mkimbizi, Mhindi, tiketi zimeisha. Kilichomjenga ni Paris. Nipingeni kwa hoja, matusi wekeni pembeni.

Mlalahoi Mkuu
Nimekaa siti ya mbele. Kahawa na kashata tayari.

Msomaji wa Usiku
Chaki, Paris ni 1970 hadi 1972 tu, kwa ufadhili wa serikali ya Ufaransa. Kabla ya hapo alishamaliza Sir J. J. School of Art pale Mumbai mwaka 1969, na alishapiga filamu. Mchoraji Akbar Padamsee alichukua pesa za ufadhili wake wa Nehru, badala ya kuzila peke yake akafungua karakana, wachoraji na watu wa filamu wakashea kamera na chumba cha giza cha kusafishia picha. Malani ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote na mwanamke pekee. Hapo ndipo alipotengeneza Dream Houses, 1969: kijumba cha mfano juu ya meza, taa zenye vichujio vya rangi, picha moja moja mpaka inakuwa filamu. Binti wa miaka 23. Paris hajaipanda ndege bado.

Chaki Nyeusi
Sijasema Paris ilimfundisha kushika kamera. Nimesema ilimjenga. Mei 1968, ile migomo ya wanafunzi na wafanyakazi, ilikuwa haijapoa. Kahudhuria mihadhara ya wasomi Chomsky na Lévi-Strauss, kakutana na mwanafalsafa Sartre, Simone de Beauvoir mtetezi wa wanawake, na Godard wa filamu. Kwenye Dream Houses mtu humo hamna, ni nyumba na rangi, matumaini ya taifa jipya. Aliporudi akaenda kwenye dirisha na kuona vibanda vinavyobomolewa. Ndiyo hiyo filamu ya 1976, Utopia, anayoionyesha sambamba na ile ya nyumba za ndoto, ukuta huu ndoto, ukuta huu msichana anautazama mji. Katikati ya 1969 na 1976 kuna nini? Paris.

BintiMvita
Katikati ya 1969 na 1976 kuna pia 1971, vita vya Bangladesh, kuna pia hali ya hatari ya Indira Gandhi iliyotangazwa Juni 1975. Kwani India ilisimama ikimngoja bibie arudi kutoka Ufaransa?

Halafu hilo la mtoto hakumbuki. Chaki, wewe una watoto? Nyumba iliyohama haihami siku moja. Inahama miaka ishirini. Mama yake alikuwa Kalasinga wa Sindh, jimbo la Karachi, babake mtu wa Theosofia, wale wanaotafuta ukweli katika dini zote, wameacha kila kitu upande ule, wamepanga Calcutta, 1954 wakahamia Mumbai. Mtoto anakula chakula cha Karachi, anasikia lugha ya Karachi, na Karachi yenyewe sasa iko nchi nyingine. Hiyo unaiita lebo?

Katumba72
Karibuni kwangu basi, maana mimi ndiye huyo mtoto mnayemgombania.

Nilibebwa mgongoni mwaka 1972 kutoka Burundi. Nimekulia makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mpanda ile ya zamani. Sikumbuki chochote, wala mto tuliovuka. Lakini ungenikuta nina miaka saba ningekuchorea nyumba yetu: mlango unatazama wapi, jiko liko wapi, mparachichi uko kushoto ukitoka. Mama alikuwa anaitaja kila jioni kama vile tumeifunga jana. Yaani ukimkosea kidogo anakurekebisha.

Ukubwani nikafika. Nyumba hamna, mparachichi upo. Uko kulia.

Mlalahoi Mkuu
Aisee mkuu, mti umehama uraia bila kibali.

Chaki Nyeusi
Pole Katumba. Lakini umenisaidia. Ulichobeba hakikuwa kumbukumbu, ilikuwa hadithi ya mama, na hadithi ilipinda. Ndicho ninachosema. Msanii hana 1947, ana masimulizi ya 1947.

Katumba72
Sasa wewe ulitaka achore nini, risiti?

fundi_bango
Nimecheka hapo.

Mimi si msomi wa hayo, naandika mabango Mwanza, nimesimama hapa kwa sababu ya hiyo plastiki. Mnaipita kama kitu kidogo. Kuchora nyuma ya kioo ni kazi ya kinyume. Tunafanya hivyo tukiandika jina la duka kwa ndani ya dirisha ili mvua isilifute: herufi zinaandikwa kulia kwenda kushoto, na kinachotakiwa kuonekana juu ndicho kinachotangulia. Ukichora uso, unaanza na mng'ao wa jicho, kisha mboni, kisha weupe, kisha ngozi, mwisho kabisa ndiyo unamwaga usuli. Ukikosea mwanzo umekwisha, maana huwezi kurudi kupachika jicho juu ya ngozi iliyokwisha pakwa. Na kushoto kunakuwa kulia.

Yeye kajifunzia wapi? Paris hawafundishi hivyo.

Msomaji wa Usiku
Swali zuri kuliko yote humu. Kafundishwa na Bhupen Khakhar, mwishoni mwa miaka ya 1980. Khakhar alikuwa mhasibu mwenye cheti huko Baroda, mchana vitabu vya hesabu vya kampuni, jioni anachora vinyozi na mafundi saa. Kujifunza uchoraji kajifunza mwenyewe. Kazi ya kuchora nyuma ya kioo iliingia India karne ya 18 kwa njia ya biashara na China, ikashuka mpaka kwa wachoraji wa mitaani na wa mahekalu, ikawa sanaa ya picha za miungu na za waigizaji. Wasomi wa sanaa waliidharau. Malani akaichukua, akaacha kioo akatumia plastiki, kwa sababu plastiki inakunjika na haivunjiki.

Mwaka 1981 hao wawili walionyesha pamoja kwenye onyesho la Place for People, na akina Vivan Sundaram, Gulammohammed Sheikh, Jogen Chowdhury na Sudhir Patwardhan. Wanaume watano na yeye.

Jogoo la Shamba
Mhasibu anafundisha uchoraji? Kumbe kuna tumaini kwa sisi wa mahesabu, bana.

Chaki Nyeusi
Ufundi ni ufundi. Mnanijibu swali la nani kampa mkono, mimi nauliza nani kampa kichwa.

fundi_bango
Mkuu, kwa kazi hii mkono ndio unaokiambia kichwa. Mtu aliyezoea kuanza na jicho hafikirii picha kama anayeanza na usuli.

Mama Ubao
Habari zenu. Nafundisha sanaa sekondari, mtaalamu siye. Naona wote mnamjadili kana kwamba alikuwa ametulia kwenye karakana. Huyu ni mtu wa jukwaa! Angalia 1993 pale Max Mueller Bhavan, kituo cha utamaduni cha Wajerumani Mumbai: anafanya Medea ya Heiner Müller, mwandishi wa tamthilia wa Kijerumani, na mwigizaji Alaknanda Samarth. Yeye kajaza jengo michoro na video, mwigizaji anapita katikati. Baadaye kafanya mchezo wa Brecht, Mjerumani mwingine, na mwongozaji Anuradha Kapur. Halafu mwaka 2000 akiwa Fukuoka akatengeneza Hamletmachine, hiyo tena ni ya Müller, na mchezaji wa butoh, ngoma ya Kijapani, na sehemu ya video inaangukia kwenye chumvi iliyotandazwa sakafuni. Chumvi, kwa Mhindi, ni Gandhi 1930 na matembezi yake ya kupinga kodi ya chumvi ya Waingereza.

Kwa hiyo mimi kura yangu ni tamthilia. Ukishafanya kazi ambapo kinachoonyeshwa leo kesho hakipo, huwezi kurudi kwenye picha ya kutundika sebuleni.

BintiMvita
Na hao wanawake anaowachagua! Medea na Cassandra wa hadithi za kale za Wagiriki, Sita wa Ramayana ya Wahindi. Medea kamsaidia mwanamume kwa kila kitu kaachwa ugenini. Sita kapita kwenye moto kuthibitisha usafi wake na bado hakusadikiwa, mwisho ardhi ikammeza. Cassandra anaona yajayo, hakuna anayemsikiliza. Kazi yake ya 2009 yenye jina hilo ina vipande 30 vilivyounganishwa, vyote kachora kwa nyuma. Hapo Christa Wolf, yule Mjerumani wa Mashariki aliyemwandika Cassandra upya, ana mkono wake.

Siasa ya wanawake hakuipata kwa de Beauvoir peke yake, Chaki. Mwaka 1979 alikuwa New York, kaingia A.I.R., nyumba ya sanaa iliyoendeshwa na wanawake wenyewe, kakutana na wasanii Nancy Spero na Ana Mendieta. Aliporudi kahangaika miaka mpaka akafanikiwa: onyesho la Through the Looking Glass, 1987 hadi 1989, yeye na wachoraji wenzake wa India, Arpita Singh, Madhvi Parekh na Nilima Sheikh, wakazunguka nalo miji ya India. Linatajwa kuwa kati ya maonyesho ya mwanzo ya wanawake peke yao India.

Chaki Nyeusi
New York, Paris, Fukuoka. Mnaona? Kila mnachotaja kiko nje.

BintiMvita
Arpita Singh yuko nje ya wapi? Usinichoshe.

Shemeji wa Kassel
Nimechelewa, nipo Ujerumani, nimetoka zamu sasa hivi.

Mimi nimeiona kwa macho. Kassel kila baada ya miaka mitano panafanyika documenta, mji mzima unakuwa maonyesho. Mwaka 2012 nilikuwa nafanya usafi kwenye majengo, mtu akaniambia ingia chumba kile cha giza. In Search of Vanished Blood. Juu kunaning'inia mapipa matano ya plastiki angavu, yamechorwa, yanazunguka polepole. Projekta sita zinapiga kupitia humo. Picha za video zinapita ukutani na vivuli vya michoro vinapita juu yake: mbwa, mifupa, mwanamke anaanguka, bunduki. Kuna uso mkubwa umefungwa kitambaa, maandishi yanapita juu yake. Sauti inatoka, ya kike, kali. Dakika 11 kisha inaanza tena. Nilikaa mpaka msimamizi akaja kunitafuta.

Sikujua lolote kuhusu 1947. Nikawaza nyumbani, Uvira. Sitaeleza zaidi.

Msomaji wa Usiku
Asante Shemeji. Nyongeza tu: jina la kazi limetoka kwenye shairi la Faiz Ahmed Faiz, mshairi wa Kiurdu wa Pakistani, la 1965, juu ya damu iliyomwagika ikakosa hata alama ya kuulizia. Na ndani yake kuna Draupadi ya Mahasweta Devi, hadithi ya Kibengali ya mwanamke anayeteswa na jeshi. Mshairi wa Lahore, mwandishi wa Calcutta. Chaki, hesabu na hao kwenye safari zako za nje.

Jogoo la Shamba
Si mtuambie anauza ngapi? Kivuli unakiuzaje? Unamfungia mteja kwenye mfuko?

Mlalahoi Mkuu
Anakupa na giza kidogo la kuanzia.

Msomaji wa Usiku
Makumbusho ndiyo yanayonunua: mapipa, projekta, video na maelekezo ya kufunga. Stedelijk ya Amsterdam wana Transgressions ya 2001, MoMA New York wana Gamepieces. Tuzo ya Kyoto peke yake ni yen milioni 100, kwa mwaka ule karibu dola laki saba.

Jogoo la Shamba
Laki saba za dola! Na mimi nilimkataza mtoto wangu kuchora ukutani.

Mama Ubao
Ukutani ndiko kwenyewe, Jogoo. Mwaka 1992 kwenye nyumba ya sanaa ya Chemould, Mumbai, alichora kuta zote, City of Desires, watu wa mtaani: wabeba mizigo, wachuuzi, wasio na pa kulala. Karakana yake ilikuwa Lohar Chawl, soko la vifaa vya chuma na umeme, limebanana, ukitoa kichwa dirishani unaona mji wote unabeba kitu. Onyesho lilipokwisha, kuta zikapakwa, kila kitu kikapotea. Alifanya hivyo kupinga kuachwa kuoza kwa michoro ya ukutani ya Nathdwara, Rajasthan. Sasa ile hoja ya lebo inayouzika, Chaki, mtu anayetafuta soko anafuta bidhaa?

Chaki Nyeusi
Anafuta, anapigwa picha akifuta, jina linapanda. Mama, dunia ya sanaa unaijua vizuri kuliko mimi.

Mama Ubao
1992 Mumbai hapakuwa na simu za kupiga picha wala soko la video. Wenzake waliuza turubai, yeye katoka na vumbi la mkaa.

Kisiki cha Mpingo
Jamani mimi nimeona kuna kazi yake ya mzee anaitwa Toba Tek Singh, alikuwa babu yake?

Msomaji wa Usiku
Hapana. Toba Tek Singh ni mji, uko Punjab upande wa Pakistani. Saadat Hasan Manto aliandika hadithi yenye jina hilo: baada ya Mgawanyiko nchi mbili zinabadilishana wagonjwa wa akili kama zilivyobadilishana wafungwa, na mgonjwa mmoja, Bishan Singh, anauliza tu mji wake umeangukia upande gani. Anafia katikati ya nyaya za mpaka, kipande ambacho si cha yeyote.

Malani aliitengenezea kazi 1998 na 1999, Remembering Toba Tek Singh. Kilichomsukuma ni majaribio ya bomu la nyuklia, India kule Pokhran Mei 1998, Pakistani ikajibu mwezi ule ule. Onyesho lilifanyika Prince of Wales Museum, Mumbai, mahali ambapo hata familia za kawaida huingia siku ya mapumziko.

Shemeji wa Kassel
Na kuna masanduku! Masanduku 12 ya bati, kila moja na runinga ndani. Kwenye kuta, wanawake wawili, kila mmoja ukuta wake, wanajaribu kukunja sari moja na haiwezekani, kwa sababu katikati ndipo mlipo wewe mtazamaji, na bomu.

Kisiki cha Mpingo
Masanduku ya bati kama tranka la bweni?

Shemeji wa Kassel
Tranka lenyewe hasa. La bluu, kona za chuma, kufuli.

Mlalahoi Mkuu
Mimi langu liliibiwa na sukari ndani, kidato cha kwanza. Ningejua lingefika makumbusho.

Katumba72
La kwetu mama hakulifungua mpaka watoto wote tumeoa. Mlikuwa na kanga na karatasi za kodi za Burundi, risiti za kweli, Chaki, zile ulizozitaka. Watu wa kambini walikuwa wanajuana kwa matranka. Aliyeteremsha vitu vyake kwenye kabati walimwona amekata tamaa ya kurudi. Hata baada ya Tanzania kutupa uraia wengine hawakununua kabati.

BintiMvita
Katumba, hapo umesema kitu ambacho vitabu vinazunguka tu.

Chaki Nyeusi
Nakubali kwamba kazi hiyo inahusu Mgawanyiko, sijawahi kukataa. Lakini tazameni tarehe. 1998! Mwanamke ana miaka 52. Kama 1947 ndiyo iliyomjenga, mbona ilikaa kimya nusu karne? Iliamshwa na bomu la Pokhran. Kwa hiyo chanzo ni sasa yake, si utoto wake.

Jabali la Rombo
Mimi nasema iliamshwa mapema zaidi: Babri. Tarehe 6 Desemba 1992 Wahindu wenye msimamo mkali wanauvunja msikiti wa Babri kule Ayodhya, Mumbai ikaungua Desemba ile na Januari 1993, jirani kwa jirani. Baada ya hapo ndipo akaanza kuchora ukutani na mambo ya video.

Mama Ubao
Jabali, City of Desires ni 1992 na ilikuwa inapinga Nathdwara. Na filamu ni tangu 1969, soma posti ya Msomaji kule juu. Babri haikumwanzisha.

Jabali la Rombo
Haikumwanzisha lakini ilimgeuza. Kabla yake anachora watu wa mtaani wanaofanya kazi. Baada yake miili inakatika: ubongo nje, mimba nje, mifupa. Tazama picha kwa mpangilio wa miaka, utaona mwenyewe.

BintiMvita
Hapa naenda na Jabali nusu. Na ongezeni ghasia za jimbo la Gujarat 2002, zaidi ya watu elfu moja waliuawa, wengi wao Waislamu. Mwaka 2003 akafanya Unity in Diversity. Kachukua mchoro wa Raja Ravi Varma wa 1889, wanawake 11 wanaopiga muziki, kila mmoja vazi la jamii yake, picha ya umoja kabisa. Kaiweka kwenye video ndani ya fremu ya dhahabu, sebule ya Kihindi yenye kuta nyekundu, na picha za viongozi wa uhuru ukutani. Kisha muziki unakatika, mauaji yanaanza kuingia juu ya zile sura. Ukiwa umeketi sebuleni, Chaki. Kisha Mother India, 2005, ilikwenda kwenye maonyesho ya Venice: wanawake waliotekwa wakati wa Mgawanyiko, makumi ya maelfu, ambao serikali mbili zilikuja kuwarudisha kama mali, na miili ya Gujarat ikiwa pembeni yao. Hiyo ilitokana na insha ya mwanaanthropolojia Veena Das juu ya maumivu na lugha.

Yaani kwa Mumbai 1947 haijapata kuwa mwaka mmoja. Inarudi. Mtoto hakuhitaji kuikumbuka, ilikuwa inamjia nyumbani kila baada ya muda.

Chaki Nyeusi
Hiyo ndiyo hoja bora mpaka sasa. Bado haielezi namna. Wahindi mamilioni walipitia hayo, kwa nini yeye tu ndiye katoka na mapipa yanayozunguka?

fundi_bango
Kwa sababu alijua kuchora kinyume. Narudia tena. Plastiki ikichorwa nyuma inapitisha mwanga, turubai haipitishi. Asingekutana na yule mhasibu angeendelea na turubai, na hakuna kivuli hapo.

Mama Ubao
Na asingepita jukwaani asingefikiria projekta.

Jogoo la Shamba
Nyote mnasahau baba. Babake alifanya kazi Tata Airlines, iliyokuja kuwa Air India. Familia ilikuwa inaruka bure mpaka Tokyo na Paris. Watoto wa Mumbai wa miaka ya hamsini wangapi walishaona makumbusho ya Paris? Ile dunia aliiona mapema, na kwa tiketi ya kampuni. Toa hiyo tiketi, utabaki na mwalimu mzuri wa kuchora huko Mumbai.

Chaki Nyeusi
Sasa Jogoo kaja na Paris ya mapema kuliko yangu! Naipokea.

Msomaji wa Usiku
Usipokee haraka. Ndege hizo zilimpeleka Tokyo vilevile, si Paris tu. 

Kisiki cha Mpingo
Swali langu ni jepesi. Mbona mchoraji wa Tingatinga anatumia rangi ya mafuta ya madukani na mbao za kawaida, anaonyesha mnyama mzuri, na hakuna anayempa yen hata moja? Huyu kachora mbwa na mifupa anapata milioni 100.

Mlalahoi Mkuu
Twiga hajawahi kukimbia nchi.

Mama Ubao
Mlalahoi! Kisiki, Edward Saidi Tingatinga mwenyewe aliuawa na risasi ya polisi 1972, waliomdhania mwizi, kazi yake ya uchoraji ikiwa na miaka michache tu. Malani ana zaidi ya miaka hamsini mfululizo, na mwaka 2023 alikuwa National Gallery ya London na projekta tisa, kachora kwa kidole kwenye iPad juu ya picha za Wazungu wa kale, anawachokoza kwenye nyumba yao. Muda nao ni nyenzo. Lakini uzi wa Tingatinga ufunguliwe, nitakuja.

Shemeji wa Kassel
Hiyo ya London, sauti ya Cassandra ndani yake ni ya Alaknanda Samarth, yule yule wa Medea ya 1993. Karibu miaka thelathini walikuwa pamoja, mpaka Alaknanda alipofariki. Labda mnatafuta tukio wakati jibu ni rafiki.

BintiMvita
Sasa tuna sababu nyingine tena. Rafiki.

Katumba72
Mimi hata sioni kwa nini lazima iwe moja. Ila Chaki ameniudhi kidogo na lile neno lebo, bado sijamsamehe.

Chaki Nyeusi
Lebo ni ya wenye makumbusho, si yako ndugu yangu. Na Paris siiachii.

fundi_bango
Wakuu, nimejaribu leo. Karatasi ya plastiki ngumu, ile ya kufunikia ripoti, rangi ya maji ya kopo. Nimeanza na jicho. Limekaa vizuri, lakini nikiviringisha rangi inapasuka na kubanduka vipande. Yeye anatumia nini?

Msomaji wa Usiku
Akriliki na wino, na enameli kwenye baadhi. Rangi yako imekauka ikawa ngumu kuliko plastiki. Kwangua plastiki na msasa laini kwanza.

fundi_bango
Msasa utaifanya iwe na ukungu, mwanga hautapita.

Mama Ubao
Usitumie msasa. Ifute na spiriti kuondoa mafuta ya vidole, paka akriliki nyembamba sana tabaka mbili tatu. Na viringisha kwanza, uchore ikiwa imeshajikunja.

fundi_bango
Nichore ndani ya pipa? Mkono utaingiaje?

Jogoo la Shamba
Mtume mtoto wangu. Yule wa ukutani.